Viti Viwili Sebuleni

Wiki nzima vimekaa sebuleni kwetu, Al Khudh,
vikitazamana kama wakwe wasiozoeana:
kiti cha Muhanna, makombo ya halua yameingia kwenye mshono,
na cha Thuraya, kinachotazama nyuma
kama mtu asiyeiamini safari.

Jumamosi meli inang'oa nanga Matrah.
Khasab, Dubai, Doha, kisha nyumbani.
Siku saba za maji.
"Na barabarani je?" Ghasani anauliza,
anapiga hesabu nyuma ya risiti ya duka la dawa:
kwenda bandarini, nusu saa,
milima ya Khasab, tuseme saa moja,
kwa dada yake Doha, kwenda na kurudi.
"Hazifiki tatu. Kwa kilo kumi na saba!"
Alivipima. Alipanda mizani ya bafuni
amekikumbatia kimoja kimoja kama mgonjwa,
kisha akajitoa mwenyewe katika hesabu.

Nami nimekichora chumba cha meli kwa chaki, sakafuni:
hapa kitanda, hapa kitanda cha mtoto, hapa mlango wa choo.
Tukiviweka viti, panabaki pa mtu mmoja,
naye asimame kwa mguu mmoja.

Binti wa kampuni ya meli alinijibu kwa upole:
ndani ya meli havihitajiki.
Kweli. Bahari haina kona.
Lakini teksi za Khasab, anasema binamu yangu,
ukimwuliza dereva kiti cha mtoto
anakuonesha kiti cha nyuma: si hiki? Kaa naye.

Bi Zamzam, mama mkwe, anatoa kokwa za tende.
"Sisi tulipakata," anasema.
"Huyu nilimpakata toka Ibra mpaka Maskati,
vumbi tupu, nyuma ya gari la wazi.
Na huyu hapa, ana kitambi."
Tukacheka wote, hata mwenye kitambi.
Kisha akaanza kuwahesabu wanawe kwa vidole,
ndiyo kawaida yake akimaliza kucheka:
Ghasani, Badriya, Hilal, Said,
Said wa kwanza —
kidole hicho alikikunja upesi
akakirudisha ndani ya kanga.
Nyumba hii haijapata kumwuliza.
Akaendelea na tende.

Sikusema kitu. Nilikuwa Barka,
mwezi uliopita, kwenye kipilefti,
lori la nyanya mbele yangu liliposimama ghafla
na mkono wangu wa kulia ukaruka wenyewe
kumkinga aliyekaa pembeni yangu.
Hakuwapo mtu. Ilikuwapo trei ya mayai.
Niliizuia kwa kiganja, kwa nguvu zangu zote,
kwa *Ya Rabi* nzima.
Yalipasuka kumi na tisa.
Nilikaa pale, ute ukinichuruzika hadi kiwikoni,
nikiutazama mkono wa mama.

Usiku, Ghasani anakoroma, nimefungua begi upya.
Nimetoa viatu vya kisigino.
Nimetoa magauni mawili ya chakula cha jioni
na lile joho lake la kujionesha.
Sikumwamsha kumwuliza.
Alfajiri aliliona begi, akaviona viti mlangoni,
akakuna kichwa, akabeba kimoja.

Na hivi sasa tuko Khasab, gatini, jua la saa nne.
Wenzetu wa mezani wameshaondoka na gari lao,
wametupungia.
Ghasani amepiga goti ndani ya teksi,
jasho linamdondoka puani, mkanda umejisokota,
Thuraya analia kwa sauti ya nahodha,
Muhanna anadai halua.
Dereva anazitazama saa mbili,
ya mkononi na ya kwenye dashibodi.

"Njia yenyewe fupi, mama," ananiambia.

"Ndiyo," nikamjibu,
na nikatega sikio.

Ta.

Na cha pili.

Ta.