Tepu ya Mkoba wa Mlangoni

Nilimwambia Mbodze nataka tepu.
Akauliza: ya kufungia zawadi, au ya kufungia balaa?
Hakucheka. Pale Mwembe Tayari, saa tano ya asubuhi,
katikati ya misumari na minyororo na harufu ya chuma,
penseli imechomekwa kwenye kilemba,
mtu anayeuza kwa mita hapotezi maneno.

Nikamweleza mkoba.
Mkoba mweusi, nyuma ya mlango wa mbele:
tochi, filimbi, vidonge vya kusafishia maji,
bendeji, kisu, dawa ya pumu ya Twahiri,
na karatasi zetu zote ndani ya mfuko wa plastiki.
Na tepu. Tepu ndiyo iliyotuangusha.

Maana usiku ule wa mvua ya Mei,
maji yalipopanda kutoka bondeni Tudor
yakaingia uani bila hodi,
mfuko wa karatasi nilikuwa nimeuziba
kwa tepu ya kahawia ya shilingi thelathini,
ile ya maboksi.
Haikukatika. Heri ingekatika.
Iliachia tu, polepole,
kama mkono wa mtu anayejifanya amesinzia.
Asubuhi cheti cha kuzaliwa cha Twahiri
kilikuwa uji wa wino.
Ofisini wakaniuliza: una ushahidi gani kwamba alizaliwa?
Naye amesimama papo hapo, anatafuna njugu.

Mbodze akapanga tepu tano mezani.
Usitazame rangi, akasema, wala jina.
Chana.
Ya kwanza ikaenda mshazari kama leso iliyooza.
Ya pili ikachanika wima, nami nikaona nyuzi,
mtande na mshindio, kitambaa kamili
kimejificha baina ya plastiki na gundi.
"Hiyo ina uti wa mgongo."

Na gundi, je? Jua la kwetu halina adabu.
Akanitoa nje, akanionyesha grili ya dirisha:
vipande vinne, kavibandika tangu Mfunguo Sita.
Kimoja kimekauka, kimejikunja kama ganda la muwa.
Kimoja kimeyeyuka, kimenasa mbu wawili
na unyoya wa kunguru.
Cha tatu, chumvi ya hewa imekitafuna pembeni.
Cha nne kimekaa kimya.
Nikakikwangua. Ukucha ndio uliosalimu amri.

Kisha akamwaga maji juu ya bomba:
"Bandika sasa."
Ikateleza, hata ile bora.
"Hakuna inayoshika maji yakitiririka.
Anayekwambia ipo, mdai risiti.
Futa kwanza, hata kwa upindo wa buibui,
bandika, halafu sugua
mpaka kidole kipate moto.
Na kidonda usikibandike kavukavu, dada;
weka chachi, la sivyo utabandua na ngozi."

Mia saba na hamsini.
Nikamwomba apunguze.
Akapunguza maneno, bei akaiacha.

Nyumbani, roli zima halikuingia mkobani.
Nikazungusha mita tatu kwenye chupa ya maji,
mita mbili kwenye kalamu iliyokwisha wino.
Ncha nikaikunja kidogo,
ili siku ya giza kidole kiijue
bila kuuliza macho.

Wiki haikuisha.
Nilimkuta Twahiri barazani, mkoba wazi,
kandambili mapajani, ukanda umeng'oka,
kalamu yangu mdomoni.
Nilikwisha fungua kinywa nimkaripie.
Lakini alikuwa ameifuta ile kandambili kwa shati,
ameikausha, ameibandika, sasa anaisugua
kwa dole gumba, ulimi nje,
kama anayefuta jina lililoandikwa vibaya.
"Mama," akasema, "mbona kinaunguza?"

Nikamwacha.
Jioni nilichukua kipande cha karatasi,
nikaandika, nikakitia mkobani:
kwenye kalamu imebaki mita moja na nusu.