Kaseti Thelathini na Saba

Ya kwanza niliinunua sokoni Kadutu
chini ya rundo la sambaza.
Hata leo mtu-popo wangu ananuka samaki.

Sasa zimefika thelathini na saba, ndani ya boksi la sabuni
juu ya kabati, panya wasikopanda:
maiti mwenye bendeji,
malkia wa kinamasi,
mbwa-mtu anayeungama kwa Kifaransa cha padri
kabla ya kuota manyoya.

Kuvu ikishika utepe, naifuta kwa pamba na spiriti.
Utepe ukilegea, naukaza kwa kalamu ya Biki,
jino kwa jino, nimeshika pumzi.

Dada yangu Nabintu hucheka:
“Zimwi gani hili? Linatembea
kama mtu aliyebeba gunia la makaa
kwenye mteremko wa Funu, mvua imenyesha!
Litamkamata nani?”

Hakuna, Nabintu. Ndiyo maana nayakusanya.
Yanakuja polepole, muziki unayatangulia,
na kabla ya kugusa mlango
yanangoja mwezi utoke mawinguni.

Waliokuja kwa Mugisho, nyumba ya tatu kutoka kwetu,
hawakuwa na muziki.

Jana moto ulikatika
zimwi likiwa limenyoosha mkono.
Tukakaa gizani, tunamenya karanga,
Nabintu kanishika shati.
Saa nne mtaa mzima ukapiga kelele: umerudi!
Nikabonyeza.
Nalo pale pale, mkono hewani,
kama msafiri anayeomba lifti
barabara isiyo na gari.