Daraja la Nne

Darajani hapana daraja siku hizi,
lakini jina tunalipita kila siku na mizigo yetu.
Nami nina madaraja matano ya Kijapani kwenye karatasi
niliyoibandika juu ya sanduku la spana, gereji, Mwanakwerekwe,
yamepangwa kinyumenyume:
unaanzia la tano, unapanda, namba inashuka,
mpaka la kwanza, ndiyo kileleni.
Fundi Vuai aliitazama akacheka:
"Hiyo si ngazi, hicho kisima.
Kadiri unavyosoma ndivyo unavyozama."

La tano nililipata.
La tano ni kujua bei ya samaki, saa ngapi, choo kiko wapi,
herufi za mviringo, herufi za pembe,
na zile picha za kuanzia: mlima, mto, mtu, moto.
Nikawa nasoma dashibodi za watu
kama asomaye barua ya jirani:
hapa mafuta, hapa joto, hapa mlango.
Wateja wakaniita Mjapani. Nikavimba.

Kisha la nne.
Nairobi, Disemba, penseli mbili, sweta ya kuazima.
Maneno, sarufi na kusoma: themanini na moja.
Kusikiliza: kumi na saba.
Jumla tisini na nane, na tisini zatosha,
ila kila chumba kina kizingiti chake,
na cha kusikiliza ni kumi na tisa.
Alama mbili.
Mlango wazi, mguu umekwaa.
Mie, ninayeshinda na mwanamke wa Kijapani sikioni!

Maana yumo mmoja ndani ya Noah ya mama.
Ukiwasha tu, anasema.
Sentensi moja, kila neno limepigwa pasi.
Na mama, Bi Mize wa Jang'ombe,
anayepeleka watoto wa watu skuli kwa gari hiyo,
miaka sita humwitikia:
"Alhamdulillahi, mwanangu. Na wewe umeamkaje?"

Nilipokuwa la tano niliusikia upole wake tu.
Nikisomea la nne nilidaka neno la mwanzo, kadi,
nikalipuuza. Kadi nani haijui?

Siku ya matokeo nikaingia garini, nikapandisha vioo.
Nikawasha. Nikazima. Nikawasha.
Mpaka betri ikaanza kulalamika.
Nikamwandika silabi kwa silabi
nyuma ya risiti ya pedi za breki.
Katikati mlikuwa na neno moja limekakamaa.
Vitabu vyangu vya mazoezi vinaliweka daraja la kwanza,
huko kwenye magazeti na hotuba,
nisikotarajia kufika kabla sijaota mvi.
Nayo sentensi nzima ni hii:
"Kadi haijatiwa."

Basi.
Kadi ya kulipia barabara za kwao.
Hakuwa akitusalimu.
Miaka sita anaeleza upungufu wake, kwa adabu,
na mama anamshukuru Mungu.

Nikaikumbuka karatasi yangu pale juu ya spana.
Mtihani wote ule haukuulizi useme hata neno:
waweza kulishika la kwanza mkononi
ukashindwa kuomba maji.
Mama hana daraja lolote,
na ni yeye tu niliyewahi kumsikia akimjibu.

Nilimwambia jioni, anachagua mchele.
Akanyamaza, akapuliza makapi.
"Masikini! Kumbe mtu anaeleza haja yake,
sisi twamwuliza kaamkaje."
Akaingia ndani, akatoka na kadi ya Tukuza, ya umeme.
"Hebu mtilie hii. Akikataa, tutajua."

Asubuhi niliijaribu. Haikuenea.
Akasema yale yale, nami nikayasikia yote,
alama mbili na ziada.
Mama akafunga mkanda, akatazama kioo:
"Alhamdulillahi, mwanangu.
Tunaitafuta."