Filamu Isiyo na Risasi

Kazi yangu ni kujaza kimya.
Hapa Oli, mjini Arua, kwenye kibanda cha mabati
cha Rajabu Khamis, kiingilio shilingi mia tano,
Mchina akiruka nampa tusi la Kilugbara,
Mmarekani akilia namkopesha Kiswahili cha kambini
na mkewe namwita Candiru, watu wacheke.
Hakuna mdomo uliowahi kufunguka ukutani pale
nisiutie neno.

Jumanne ile CD ilikuja ndani ya jalada la vita.
Jalada lina helikopta. Ndani, padri.
Picha nyeusi na nyeupe, kama ya kitambulisho cha zamani:
kanisa la mawe, theluji mlangoni,
na taa nyekundu kando ya tabenakulo.
Nyekundu nasema mimi,
kwa kuwa niliihudumia miaka sita pale Ediofe
na najua taa ile haizimwi,
maana ikizimwa ni kusema Mwenyewe hayumo.

Ikazima.
Hakuna upepo. Hakuna mwizi.
Nilimsubiri mwizi; na ile helikopta pia niliisubiri.
Padri akatoa kibiriti mfukoni, akachomoa njiti,
akasimama.

Dakika ya kwanza nikasema: "Jamaa anatafuta sigara."
Wakacheka vijana wa boda wa mbele,
na yule koplo anayekuja na kiti chake.
Dakika ya pili nikasema: "Ee Mungu, upo?"
kwa sauti yangu ya mapadri, nzito, ya puani.
Hakuna aliyecheka.
Dakika ya tatu ilikuwa zamu ya Mungu kujibu,
na anayewatilia wote sauti ni mimi.

Nimeshakuwa rais. Nimeshakuwa mamba.
Nimekuwa mabibi harusi wanne kwa usiku mmoja.
Nikasogeza mdomo kwenye maikrofoni
nikasikia pumzi yangu tu, ikitoka kwenye spika mbili,
kubwa, ya kukwaruza, kama ya mdogo wangu Ezati
usiku ule wodini, mtungi wa oksijeni umekwisha,
nami nimepiga magoti kwenye saruji
nikimwambia Yule wa taa: sema lolote,
hata hapana.

Nikazima maikrofoni.

"Mashine imekufa?" akauliza koplo.
"Haijafa."
"Sasa mbona husemi?"

Padri bado kasimama. Njiti bado nzima.
Mama Zubeda, aliyeingia kudai hela yake ya sambusa,
hajui sinema, hajui tabenakulo,
isha imeshaadhiniwa na yeye kachelewa,
akamtazama yule mzungu wa ukutani
kama anavyotazama mtoto aliyezubaa na jembe mkononi:
"Washa tu, baba. Giza lote hili unamngoja nani?"

Njiti ikagusa ubavu wa kibiriti.
Hapo CD ikakwama.

Niliipangusa kwa shati. Niliipulizia.
Niliipaka dawa ya meno, siri ya wazee wa kazi.
Kila mara inafika palepale:
ubavu, njiti, cheche isiyotoka.
Rajabu akawarudishia mia mbili mbili, kwa kinyongo,
akaweka Mchina, nami nikatukana hadi saa tano.

Nyumbani mama alikuwa macho.
Ayikoru, jina lake ni furaha; hakulichagua.
Rozari ilikuwa imemfikisha tendo la nne.
Habari za Ezati hazungumzi. Jumapili hakosi.
Sijawahi kumuuliza vipi hayo mawili
yanakaa nyumba moja bila kupigana.

"Leo umesema nini huko?"
Nikamweleza: padri, taa, kibiriti.
"Aliwasha?"
"Sijui. CD ilikwama."

Akasogeza punje moja ya rozari, kisha nyingine,
mpaka nikadhani amenisahau.

"Basi," akasema, "bado ameishika njiti."