Daftari la Sailau

Jina langu Sailau.
Kufunga sikusahau,
kuswali sikudharau,
huku kwetu Altaini.

Ila nikipiga goti,
mkono juu ya koti
kupapasa zile noti
zilolala kifuani.

Kulikuwa na daftari:
farasi, ngamia, gari,
na kondoo kwa mistari,
elfu mbili makundini.

Nikalijaza kwa wino,
pembe, sufi, hata meno;
likawa langu agano,
lililala kitandani.

Majani nikanunua,
ghala nikaliinua,
kufuli kubwa, na dua
fupi tu, ya mlangoni.

Gavana nikala naye,
nikamtunza mwanaye,
nikamwajiri nduguye,
namba yake mfukoni.

Mjane alipokuja
kuomba tita tu moja,
nilimwambia, "Kangoja,
bei yapanda sokoni."

Akaenda, hakununa,
neno moja tu: "Rabana."
Nami nikacheka sana,
nikarudi hesabuni.

Nikauliza kwa cheko:
"Wewe baridi, uliko,
njoo na majeshi yako,
utanikuta bondeni."

Ikaja baridi kali.
Mvua ilonya awali
ikagandia mahali
kama kioo nyasini.

Kondoo walikwangua
kwa kwato, kisha kwa pua;
damu ikatoa ua
jekundu la barafuni.

Kufuli likashikana,
ufunguo ukakana,
dizeli ikagandana
kama asali tangini.

Nikapiga simu: "Bwana!"
Alisema, "Tutaona,
kesho," kisha akaguna,
ikazima sikioni.

Usiku wa tatu hivi
walikufa hivi hivi,
si mbwa mwitu wala mwivi,
wamesimama zizini.

Mwanangu alihesabu:
"Mia sita…" kwa taabu;
machozi yakawa bubu,
yakasimama kopeni.

Husemwa: bila daftari
mali haina habari.
Yangu, na wake urari,
ilizikwa kurasani.

Yule jirani, Rabiga,
mjane asiye woga,
mlango akaupiga,
fimbo yake mkononi.

Mbuziye kumi na moja;
saba wafu kwa pamoja;
walobaki, bila hoja,
walala naye hemani.

Hakuleta mahubiri,
hakutaja utajiri,
hakunambia "Subiri";
maziwa tu, bakulini.

Nikalikumbuka tita,
koo langu likasita,
nikatamani kupita
chini ya mkeka, chini.

Nikamuuliza: "Mama,
wawezaje kusimama,
na mbuzi wamekuhama
kwenda zao mautini?"

Akafikicha mkono,
hakunipa jibu nono:
"Nimeshikwa. Si maono.
Nawe pia; hujioni?"

Daftari, lile agano,
liliwaka, dogo mno,
likatupasha mikono
kwake Rabiga mekoni.

Gavana naye kafika
Machi, njia kufunguka;
picha tele, akacheka,
akarudi ofisini.

Kondoo jike, kilema,
ndiye aliyesimama;
sikumwandika, nasema,
mle mwangu daftarini.

Sisemi mali ni dhambi;
mbuzi wake nao vumbi;
dhoruba haina kambi,
hupita kila hemani.

Ila nililoliona:
nilichokishika sana
hakikunishika, bwana,
nilipodondoka chini.

"Mwenye nguvu umpishe,
asije akuangushe."
Nami sasa nijipishe,
apite Mola njiani.

Nikipiga goti tena,
mfuko kitu hauna;
viganja vinakutana
wazi, hapa kifuani.

Theluji tena yashuka.
Kilema aweza choka,
nami naweza anguka.
Nimeshikwa mkononi.