Kengele ya Chumba cha Juu

Nilimlipia nyanya chai ya saa kumi, Muthaiga,
katika jumba alimopiga pasi miaka kumi na mmoja
akiingilia mlango wa jikoni.

Sasa ni hoteli. Vyumba vina majina ya mito:
Nzoia, Athi, Mara.
Vyondo vimetundikwa ukutani, vimemulikwa
kama watakatifu.
Pasi ya makaa iko rafuni, kando ya maua.
Nyanya Syombua akaiinua, akaipima kwa kifundo cha mkono:
"Si hii. Ile ilivuta kushoto."

Meneja, kijana mpole, akamweleza ususi wa kiondo
uzi kwa uzi.
Akaitikia, "Aa. Kumbe."

Kisha huko juu mtoto wa mgeni
akabonyeza kengele ya zamani iliyobakizwa kuwa pambo.
Ikalia.

Nyanya alikuwa amekwisha simama,
mikono ikitafuta kiunoni
aproni isiyokuwapo.

Pumzi mbili. Tatu.
Sikujua nitazame wapi.

Akaketi. Akalisukuma birika katikati ya meza.
"Imepoa," akamwambia kijana.
"Lete nyingine.
Na tangawizi, usiionee choyo."