Kona ya Njia ya Makala

Mwezi wa nane. Moto umekwisha kupita.
Upande huu wa barabara ya Kipushi
majani yamebaki visiki vya masizi,
vichuguu vimesimama vyekundu, uchi,
na vumbi la mgodi linashuka bila haraka
kama mgeni anayejua atalala hapa.

Mimi na Chola tunasukuma velo,
magunia manne ya makala, kamba za mpira,
tairi la nyuma likidai upepo.
Hatuongei. Mdomo ni wa kupumulia.

Ndipo kipande cha ardhi kikakimbia.

Sikusema ndege. Nimesema ardhi:
rangi ileile ya udongo uliokaangwa,
miguu miwili, njiti za kiberiti,
mbio, halafu kimya.
Kikisimama, hakipo.
Mbio tena, hatua ishirini,
kichwa juu, jicho moja kwetu
kama askari wa kizuizi ambaye hajaamua bado
atatudai franka ngapi.

“Kwale,” Chola anasema.
Kwale gani? Kwale angeruka na makelele yake,
angejitia manyasini. Huyu hana nyasi
wala hazitafuti. Amekuja kwa sababu paliungua.
“Mtoto wa kanga, basi.”
Mtoto wa kanga, peke yake?
“Basi ni nyama,” akainama kuokota jiwe.

Na ndege hakuruka.
Mabawa anayo, niliyaona: moja aliliburuza
kama pindo la kitenge kilicholegea,
akatutangulia polepole
kuliko alivyoweza.
Hapo nikajua anatudanganya.
Mama yangu alifanya hivyo mwaka wa askari:
alitokea mlango wa mbele, anapiga mayowe,
sisi tuko uani, chini ya beseni la kufulia.

Nikaacha kutazama mbele. Nikatazama chini.
Nusu hatua kutoka gurudumu, yai.
Moja. Jeusi-jeusi, limepakwa majivu,
ungesema kaa lililodondoka
kwenye gunia letu wenyewe.

Jiwe lilikaa mkononi mwa Chola muda mrefu.
Hakulirusha. Hakuliweka chini.
Alilitia mfukoni, likagongana na spana
mpaka tunaingia Katuba.
Lakini kwanza tuliinua velo, tukauzungusha mzigo
ndani ya majivu, tukiguna, tukitukana,
kamba moja ikakatika, na nusu gunia
nililiokota kwa vidole, kaa kwa kaa,
nikikagua kila moja.

Jumamosi tulipita tena. Hakuna yai, hakuna ganda.
Nyoka, au kifaranga kimekwisha kujua mbio,
mimi sijui.
Njia tu ndiyo imepinda pale,
imepinda vizuri, imelainishwa na matairi
ya watu tusiowajua,
wamefuata alama yetu na mizigo yao
wala hakuna aliyeuliza
tulikwepa nini.